X ya Xmas ni Kristo Mwenyewe

Hapana. Herufi X katika Xmas haikuwekwa na Frimasoni, wala wenye maduka, wala Mpinga Kristo, ili Kristo afutwe kwenye sikukuu yake. Nalijibu hili kila Desemba, na kila Desemba ujumbe uleule unazunguka tena kwenye simu: eti kwenye hesabu X ni namba isiyojulikana, basi anayeandika Xmas anaadhimisha sikukuu ya asiyejulikana.

Tuanze na hiyo hesabu. Aliyeizoesha dunia kutumia x kwa namba isiyojulikana ni mwanahisabati Descartes, katika kitabu chake cha jiometri cha mwaka 1637. Wakati huo Wakristo walikuwa wamekwisha kumwandika Kristo kwa X kwa zaidi ya miaka elfu moja. Mjukuu hamzai babu yake.

X hii si eksi ya Kiingereza. Ni herufi ya Kigiriki iitwayo khi, nayo ndiyo inayoanza jina ΧΡΙΣΤΟΣ, yaani Kristo. Wanakili wa kwanza wa Agano Jipya, lililoandikwa kwa Kigiriki, hawakuwa wakiandika majina matakatifu kwa ukamilifu. Mara nyingi walichukua herufi ya kwanza na ya mwisho, wakapitisha mstari juu yake. Kristo akawa ΧΣ. Mungu, ΘΕΟΣ, akawa ΘΣ. Vifupisho hivyo vimejaa katika Codex Sinaiticus, Biblia ya karne ya 4 ambayo sehemu yake kubwa imehifadhiwa London.

Utasema walikuwa wakibana nafasi. Nafasi gani? Neno la herufi nne ukilifupisha unaokoa mbili tu, na watu walewale waliandika maneno marefu mara tatu ya hilo bila kuyagusa. Ufupisho ule ulikuwa heshima: jicho la msomaji lilipofika pale lijue kwamba limefika kwa mwenye jina.

Desturi hiyo ikahamia kwenye Kilatini. Kristo akaandikwa XPS, ambapo P ni rho ya Kigiriki, yaani R. Ndiyo maana ile alama ya P iliyokatizwa na X kwenye kasula ya padri au kitambaa cha altare haisomwi Pax, kama wengi wanavyodhani. Ni Khi na Rho, mwanzo wa jina Kristo. Huko Uingereza, nakala za kumbukumbu za kale ziitwazo Anglo-Saxon Chronicle, zenye umri wa takriban miaka 900, zinaandika jina la sikukuu kwa kuanzia na Xp. Katika rejista za zamani za parokia za huko, Christopher aliandikwa Xpher. Columbus naye, mtu wa ibada, alitia saini Xpo FERENS, mbeba Kristo. Niambieni alikuwa akimfuta nani.

Najua hofu inakotoka. Nyumba ikipigwa X nyekundu, mwenye nyumba anajua tingatinga linakuja. Daftari likirudi na X, mtoto kakosa. Lakini maana tuliyoizoea barabarani na darasani hatuwezi kuirudisha nyuma na kumbebesha mnakili wa karne ya 2. Wanaoitetea kwa kusema X ni umbo la msalaba nao wameokoa hoja kwa uongo mwingine. Ni herufi ya jina, basi. Na kama mwenye duka anaibandika juu ya tangazo la punguzo bila kumfikiria Kristo, mkemee kwa biashara yake, si kwa tahajia.

Sasa mambo ya matumizi, haraka haraka. Kistari cha X-Mas hakina kazi, kiondoeni. Ukisoma kwa sauti, sema Krismasi, usiseme eksimasi. Kwenye keki, bango au ujumbe wa simu, Xmas haina kosa. Kwenye barua rasmi na ratiba ya ibada isiandikwe, kwa sababu ni kifupisho, na vifupisho havina nafasi kwenye maandishi rasmi. Anayekwazika asiitumie, ila asiwahukumu wenzake. Na ukiandika Kiswahili huihitaji kabisa: kuna Noeli, kuna Krismasi. Krismasi ina herufi nane, na simu yako haitozi kwa herufi.