Mkonga Ukikosa Pumzi

Kuanzia saa tisa alasiri, magari ya watalii ndani ya kreta ya Ngorongoro huanza kuelekea Lerai, kwenye njia ya kupandia, kwa kuwa ikifika saa kumi na mbili jioni kila mtu anatakiwa awe ametoka. Sakafu ya kreta iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wake unapita mita 2,200. Katikati ni mlima na kona zake. Land Cruiser lililobeba wageni saba, dereva, friji, matairi mawili ya akiba na paa la chuma la kufunguka huingia kona ya kwanza kwa gia ya tatu. Kabla ya kona ya pili mlio wa injini umeshazama, na dereva anarudisha gia ya pili huku amekanyaga mafuta hadi mwisho. Nyuma yake wingu jeusi linatanda. Akifika juu, lalamiko ni lile lile: gari halivuti.

Siku ya pili gari liko gereji mjini Arusha, na mazungumzo hayatofautiani sana kati ya uwanja mmoja na mwingine.

“Fundi, nataka unifungie tabo.”

“Tabo tutafunga, bosi. Ila nozeli umepima lini mara ya mwisho?”

Hapo mwenye gari hunyamaza, au hubadilisha mada.

Gari lenyewe wengi huliita mkonga, kwa ajili ya lile bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni mwa kioo cha mbele. Magari mengi ya safari ya kaskazini mwa Tanzania yalizaliwa pikapu au hadtopu za Land Cruiser mfululizo wa 70, kisha karakana za Arusha zikakata chesisi, zikairefusha, zikaongeza viti na madirisha na kuliinua paa. Kazi hiyo huongeza mamia ya kilo. Injini huachwa ilivyo: 1HZ ya dizeli, silinda sita, sisi 4,164, isiyo na tabo, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Ndiyo injini iliyojipatia jina la kutokufa Afrika nzima, na sifa hiyo imeipata kwa haki. Haina haraka, haina kompyuta ya kuipimia mafuta, na hata dizeli ya kwenye madumu huimeza bila kununa. Lakini iliundwa kuvuta pikapu, sasa inavuta kibanda cha chuma chenye watu wanane.

Karatasi ya kiwanda inasema 1HZ ina farasi wapatao 130. Mwenye gari huikariri namba hiyo kama namba yake ya simu, ingawa haimsaidii kitu pale Lerai. Farasi 130 hupatikana injini ikizunguka karibu mara 3,800 kwa dakika, na hakuna dereva mwenye akili anayepanda mlima na wageni huku injini ikipiga kelele kiasi hicho. Namba ya kuangalia ni torki, yaani nguvu ya kuzungusha, na mahali inapopatikana. Torki ya juu ya 1HZ ni nyutoni mita 285, kwenye mizunguko 2,200. Ukizidisha torki kwa mizunguko ndipo unapata nguvu halisi: pale kwenye 2,200 injini hiyo inatoa farasi 88 tu. Hao ndio farasi wanaofanya kazi. Wale wengine zaidi ya 40 wapo kwenye karatasi wakisubiri mtu wa kukimbiza.

Kisha kuna hewa. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika humeza karibu lita 4,000 za hewa katika dakika hiyo. Mjini Tanga, kando ya bahari, lita hizo zimejaa. Kwenye ukingo wa Ngorongoro uzito wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani, na oksijeni imepungua kwa kiasi hicho hicho. Wale farasi 88 wanabaki 70 hivi. Pampu ambayo haikurekebishwa kwa ajili ya mwinuko inaendelea kumwaga dizeli ya pwani kwenye hewa ya mlimani, na dizeli isiyopata hewa ya kuiunguza hutoka nyuma ikiwa moshi mweusi. Wingu lile la Lerai ni pesa ya mafuta inayopotea hewani.

Tatizo hili limezeeka kuliko mkonga. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alisajili wazo la tabo mwaka 1905: moshi unaotoka uzungushe pangaboi, pangaboi hilo lizungushe jingine la kusukuma hewa ndani. Mwaka 1918 Mmarekani Sanford Moss wa kampuni ya General Electric aliifunga injini ya ndege, Liberty, juu ya lori na kupanda nayo hadi kilele cha Pikes Peak, Colorado, mita 4,300 kutoka usawa wa bahari. Kule chini injini hiyo ilitoa farasi 350. Kileleni, bila tabo, ilitoa 230. Alipoiunganisha tabo ikatoa 356. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, dereva wa Lerai analia kilio kile kile, naye ana haki ya kuitaka dawa ile ile.

Haki anayo, ila foleni ya matengenezo haianzii kwenye tabo.

Inaanzia kwenye kifuniko cha ea klina. Vumbi la njia ya Serengeti ni laini kama unga wa sembe, na chujio lililoziba hufanya injini ivute hewa kwa shida kama mtu anayepumulia kanga iliyolowa. Zinafuata nozeli. Nozeli ya 1HZ inatakiwa ifunguke kwa mgandamizo wa bar 150 hivi na kurusha dizeli kama ukungu. Iliyochoka hudondosha matone. Kwenye benchi la kupimia unaona kwa macho: moja inapuliza koni safi ya ukungu, jirani yake inatema mate. Halafu taimingi ya pampu, nafasi za vali, na mkanda wa taimingi ambao Toyota wameuwekea taa yake kwenye dashibodi, ile yenye maandishi T-BELT, inayowaka kila kilomita 100,000. Wapo wanaofahamu njia ya kuizima ile taa bila kugusa mkanda. Magari ya namna hiyo yakishauzwa, tatizo humhamia mnunuzi.

Kazi hii haina sifa. Huwezi kuwaonyesha wenzako baa nozeli zilizopimwa. Ila gari lililopoteza farasi 20 kwa uchakavu likirudishiwa hao 20, limepata nyongeza isiyoongeza joto hata nyuzi moja.

Cha pili ni matairi, na hapa wenye magari ndio wanaojiangusha wenyewe. Tairi la kawaida la mkonga, 7.50 R16, lina kipenyo cha sentimita 80 hivi. Ukivalisha la sentimita 88 kwa sababu linapendeza, umerefusha gia zote kwa pamoja kwa karibu asilimia 10. Injini iliyokuwa inapanda kwa mizunguko 2,000 sasa inapanda kwa 1,800, na inatakiwa kusukuma gurudumu zito zaidi. Mtu amelipia matairi ya kumpunguzia nguvu, kisha anakuja kulipia tabo ya kuzirudisha. Anayeyahitaji kweli matairi makubwa abadilishe na meno ya difu, mbele na nyuma. La sivyo abaki na ya kiwandani.

Sasa tabo yenyewe. Kinachouzwa mara nyingi ni ukubwa, na ukubwa ndio mtego. Tabo kubwa huhitaji moshi mwingi ili izunguke, kwa hiyo huamka injini ikiwa imefika mizunguko 2,500 au zaidi. Kwenye mashine ya kupimia nguvu mchoro wake unavutia: mstari umelala chini, kisha unaruka kama swala. Mlimani ni balaa. Dereva akitoka gia ya pili kwenda ya tatu mizunguko hushuka kwa karibu asilimia 40. Aliyekuwa kwenye 3,000 anajikuta 1,800, tabo imelala, na gari linarudi kuwa lile lile la jana. Tabo ndogo huanza kusukuma kwenye 1,500 hivi. Kule juu kabisa huishiwa pumzi, lakini nani anakwenda kule? Kwa gari la safari, mstari bora ni mnene kati ya 1,500 na 2,800, hata kama kilele chake ni kifupi.

Ujuzi huu wanaujua vizuri watu wa Rhino Charge, mashindano ya Kenya yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia uzio wa hifadhi ya Aberdare. Pale mshindi ni yule aliyefika vituo vyote kwa kukata umbali mfupi zaidi ndani ya saa 10. Magari hupanda mawe kwa mwendo wa kobe, na injini inayosubiri mizunguko 3,000 ndipo iamke humwacha mwenyewe akivuta winchi.

Hatari ya tabo kwenye 1HZ ni joto. Injini hii hurusha dizeli kwenye chumba kidogo ndani ya hedi, na moto huanzia humo kabla ya kutoka kuisukuma pistoni. Imebanwa sana, zaidi ya mara 22. Ndugu yake 1HD-T, aliyezaliwa na tabo mwaka huo huo wa 1990, alipewa vijibomba vya kurushia oili chini ya pistoni ili zipoe. 1HZ haikupewa, maana hakuna aliyetarajia iongezewe moto. Pistoni zake ni za aluminiamu, madini ambayo hata yakiwa safi huyeyuka kwa nyuzijoto 660, na moshi wa injini iliyozidishiwa mafuta unaweza kuvuka hapo wakati gari linapanda mlima mrefu. Pistoni huokolewa kwa kuwa hutoa joto kwenye ringi na oili haraka kuliko linavyoingia. Siku joto likishinda mbio hizo, hedi inapasuka au pistoni inatoboka, na injini ya kutokufa inakufa.

Kwa sababu hiyo wazoefu hawavuki paundi 7 hadi 10 za msukumo kwenye 1HZ, na hufunga geji ya joto la eksosi, kipimo chake kikiwa kwenye manifoldi kabla ya tabo. Geji hiyo ni ndogo kuliko kisosi. Bila hiyo dereva ni kipofu, kwa sababu geji ya maji itamwambia habari za maji tu, tena zikiwa zimechelewa. Intakula, kipoza hewa inayotoka kwenye tabo, nayo si urembo: hewa ya nyuzi 20 ikibanwa kwa paundi 10 hutoka kwenye tabo ikiwa na nyuzi 85 au 90, na hewa ya moto ni nyepesi kama ile ya mlimani uliyokuwa unaikimbia.

Kuna na ile skrubu. Nyuma ya pampu ipo skrubu ya kuongeza mafuta, na kila gereji ina kijana anayeijua. Robo mzunguko, gari linaruka, mteja anacheka, kijana anapata ya soda. Hewa haijaongezeka hata tone. Kilichoongezeka ni dizeli na joto. Mafuta yaongezwe baada ya hewa kuongezwa, kwa pampu inayosoma msukumo wa tabo, na macho yakiwa kwenye geji.

Eksosi pana ina maana palipo na tabo. Pasipo na tabo huongeza kelele zaidi ya nguvu. Kuhusu chipu za kuongeza nguvu zinazotangazwa mitandaoni, 1HZ hupimiwa mafuta na pampu ya mitambo, kwa hiyo anayekuuzia chipu ya injini hiyo anakuuzia plastiki.

Wenye fedha huuliza kama si nafuu kubadilisha injini moja kwa moja. Wakati mwingine ndiyo. V8 ya dizeli ya lita 4.5 ambayo Toyota waliiweka kwenye mfululizo wa 70 kuanzia mwaka 2007 inatoa torki 430 kuanzia mizunguko 1,200 hadi 3,200. Mstari wake umenyooka kama meza. Pale kwenye 2,200 inatoa farasi 133, zaidi ya vile 1HZ inavyotoa ikiwa imekamuliwa hadi mwisho. Lita 2.8 ya silinda nne iliyoingia kwenye mfululizo huo Australia mwaka 2023 ina torki 500, ingawa kilele cha nguvu zake ni karibu sawasawa na cha V8, kilowati 150 kwa 151. Injini mbili zenye namba moja kwenye tangazo zinaweza kuendeshwa tofauti kabisa.

Bei ya raha hiyo hulipwa kwenye mafuta. Injini hizi hurusha dizeli kwa mgandamizo mara kumi na zaidi ya ule wa 1HZ, na maji kidogo au mchanga kwenye tanki huua nozeli za thamani kubwa. Nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, ikawa ahueni kubwa kwa injini mpya, lakini kiwango cha salfa hakisafishi dumu la kijijini. Kampuni inayolala kambi za mbali, Katavi au Ruaha, ina sababu nzuri ya kubaki na mashine ambayo fundi yeyote mwenye spana 14 anaweza kuifungua chini ya mti.

Kwa mkonga wa kreta, basi: matairi ya kiwandani, pampu na nozeli zilizopimwa, tabo ndogo ya paundi 7 yenye intakula, geji ya eksosi mbele ya macho ya dereva, na skrubu ile iachwe. Anayetaka farasi 200 atafute gari lililozaliwa nao. Na mwenye gari anayekwenda gereji wiki hii, kabla hajataja neno tabo, amwombe fundi afungue kwanza kifuniko cha ea klina, wachungulie wote wawili.