KUTAMBUA HOJA KUU: MFANO WA LEBO ZA TANGAWIZI

Chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013, Mkutano Mkuu wa wanachama ndio wenye mamlaka ya juu katika chama. Lakini uamuzi wa mkutano hudumu katika kitabu cha mihtasari, nacho huandikwa na katibu. Endapo katibu ataandika sababu mahali pa azimio, Bodi itatekeleza jambo ambalo wanachama hawakulikusudia, na fedha zao zitatumika pasipo idhini. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwa hiyo yampasa kila katibu ajue kutenga hoja kuu na sababu zake. Hoja kuu ni lile jambo ambalo msemaji anataka wenzake walikubali. Sababu ni maneno yanayolitegemeza jambo hilo.

Na uchukuliwe mfano wa wilaya ya Same, ambako tangawizi hulimwa kwa wingi katika milima ya Upare, hasa Mamba Miamba. Mwanachama asimama mkutanoni na kusema:

“Ndugu Mwenyekiti, tangawizi yetu ni kali na ina harufu nzuri. Hata hivyo unga wake unauzwa katika mifuko isiyo na maandishi, kwa hiyo mnunuzi wa Dar es Salaam hawezi kuutofautisha na unga wa mahali pengine. Chama hakina budi kutenga fedha za kuchapisha lebo kabla ya msimu ujao. Wako wasemao kwamba lebo zitapandisha bei. Lakini mzigo unaokataliwa dukani ni hasara kubwa kuliko gharama ya lebo.”

Wengi watashika sentensi yenye “kwa hiyo”. Ni kweli kwamba hilo ni hitimisho, lakini ni hitimisho la njiani: limetokana na mifuko isiyo na maandishi, nalo linategemeza ombi linalofuata. Wengine watashika sentensi ya mwisho, ambayo kazi yake ni kujibu pingamizi tu. Ama maneno “lebo zitapandisha bei” ni ya wapinzani. Kuyaandika kuwa ni ya msemaji ni kumgeuzia kauli.

Njia ya kupima ni hii. Sentensi mbili ziunganishwe kwa neno “kwa sababu”. “Chama kitenge fedha za lebo kwa sababu mnunuzi hawezi kuutofautisha unga” ni maneno yenye maana. Yakigeuzwa, “Mnunuzi hawezi kuutofautisha unga kwa sababu chama kitenge fedha”, hayana maana. Sentensi inayotegemezwa na nyingine zote, nayo haitegemezi yoyote, ndiyo hoja kuu. Hapa ni kutenga fedha za kuchapisha lebo kabla ya msimu ujao.

Katibu aiandike kwa kipimo chake, asiipunguze wala kuiongeza. “Lebo ni jambo jema” ni pungufu, maana haiagizi kitu. “Chama kibadili mifuko” ni ziada, maana halikuombwa.

Kadhalika, msemaji hakutaja yatakayoandikwa juu ya lebo. Kiwango cha Codex cha mwaka 1985 kuhusu vyakula vilivyofungashwa, ambacho kimerekebishwa mara kadhaa, hutaka mambo kama jina la chakula, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mhusika, nchi kilikotoka, namba ya toleo, tarehe na maelezo ya kuhifadhi. Hapa Tanzania usimamizi wa usalama wa chakula ulihamishiwa Shirika la Viwango, TBS, mwaka 2019. Mwanachama akiomba lebo ionyeshe tarehe ya mwisho wa matumizi, hiyo ni hoja ya pili. Iandikwe peke yake na kupigiwa kura peke yake.

Mara nyingine mwanachama hutoa sababu tupu na kuketi. Katibu asimtungie hitimisho. Mwenyekiti amwulize: “Ndugu, unaomba mkutano uamue nini?”

Mwisho, kabla ya kura, katibu asome hoja kwa sauti, na mtoa hoja athibitishe kwamba ndivyo alivyokusudia. Ndipo mikono inyoshwe, na kila mwanachama ajue anachokikubali.