Rafadha Ifaayo Mashua Nzito

Katika Ghuba ya Winam, magharibi ya Kisumu, mashua nyingi za mbao husukumwa kwa injini ya kupachika tezini. Mwenye mashua akiona chombo chake chajikokota kikisha pakiwa watu na nyavu, husema injini ni dhaifu, akaanza kuweka fedha anunue kubwa zaidi. Pengine injini haina kosa. Kosa ni la rafadha.

Kila rafadha ina vipimo viwili, navyo huandikwa kwa inchi. Cha kwanza ni upana wa duara yake. Cha pili ni mwendo ambao ingekwenda mbele kwa mzunguko mmoja, kama skrubu inayoingia katika ubao. Mwendo mrefu hufaa mashua nyepesi ipendayo mbio. Chombo kizito chataka duara pana na mwendo mfupi, kama lori lililojaa mahindi lipandavyo mlima kwa gia ya kwanza.

Kupima si kazi ngumu. Mashua ipakiwe mzigo wake wa kila siku, injini ifunguliwe moto wote, na mizunguko yake kwa dakika ilinganishwe na kitabu cha mtengenezaji. Ikiwa kitabu chasema 4,500 hadi 5,500, nayo haifiki 4,000, injini inaelemewa: petroli yateketea bure na pistoni zitaharibika mapema. Ubaya zaidi, upepo wa mbele ukivuma, mashua hiyo yaweza kukosa nguvu ya kurudi ufuoni. Kupunguza inchi moja ya mwendo huongeza mizunguko kama 150 hadi 200.

Rafadha hubadilishwa kwa gharama ndogo. Sanduku la gia sivyo. Kwa hiyo yafaa muuzaji aulizwe kabla ya fedha kutolewa. Lipo sanduku ambalo injini huzunguka mara 2.08 ndipo rafadha izunguke mara moja, na lipo la mara 2.92. Hili la pili huzungusha rafadha kubwa polepole, nalo ndilo la wabeba mizigo, ingawa vijana hawalipendi kwa sababu halina mbio.

Nyuzi za nyavu nazo zisisahauliwe. Zikijizungusha nyuma ya rafadha hukata mpira uzuiao maji, na mafuta ya gia yakimwagwa hutoka meupe kama maziwa. Hapo mpira ubadilishwe kabla ya safari nyingine.