Tembo la Kilifi Nalo Lina Kwao

Katika eneo la Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, kuna shamba la mizabibu liitwalo Romanée-Conti ambalo halifiki hata ekari tano. Divai yake ni miongoni mwa zile ghali kabisa duniani. Ukiteremka mwendo wa dakika chache kwa miguu unakuta mizabibu ya aina ile ile, Pinot Noir, ikilimwa na watu wa kijiji kile kile, lakini chupa ya huko bondeni huuzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ukiwauliza wenyeji sababu, watakuonyesha ardhi: mawe ya chokaa, udongo, jinsi mteremko unavyoelekea jua na maji yanavyokauka baada ya mvua. Watawa wa Cîteaux, ambao monasteri yao ilianzishwa mwaka 1098, walilima huko kwa karne nyingi wakilinganisha konde hili na lile. Leo makonde 1,247 ya Bourgogne yana majina na mipaka yake, na mwaka 2015 UNESCO iliyaweka kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Nayaandika haya nikiwa Mnarani, upande wa kusini wa hori la Kilifi, ambako mzabibu si mti wetu. Hapa kuna magofu ya mji wa Waswahili uliostawi kuanzia karne ya 14 hadi ya 17, na kuna daraja lililofunguliwa mwaka 1991 likachukua nafasi ya feri. Na kuna minazi. Ninaamini kwa dhati kwamba ujuzi wa watu wa Kilifi juu ya tembo la mnazi ni wa jamii moja na ule wa Bourgogne. Tofauti ni kwamba wao wameuandika wakautungia sheria ya kuulinda, na sisi wetu tumeuacha mikononi mwa askari.

Mtazame mgema kazini. Hupanda asubuhi na mapema, na jioni hupanda tena. Shina limekatwa vidato vya kuwekea nyayo, na kiunoni amechomeka kotama, kisu chenye makali yaliyopinda, kinachonolewa kila siku. Kileleni hutafuta karara ambalo halijapasuka, akalifunga kwa ukamba ili lisifunguke, kisha akaliinamisha kidogo kidogo kwa siku kadhaa mpaka ncha ielekee chini. Akifanya pupa linavunjika na kazi yote imepotea. Likishakubali, huikata ncha, na kuanzia hapo kila anapopanda hukata ubale mwembamba kama karatasi ili jeraha lisizibe. Ubale ukiwa mnene, karara linakwisha kabla ya wakati wake. Ukiwa mwembamba mno, utomvu haushuki. Kipimo kiko mkononi mwake, na hakuna shule inayokifundisha. Utomvu hudondoka kibuyuni usiku na mchana, kwa wiki kadhaa.

Mwenye shamba naye ana hesabu yake. Karara lililogemwa halizai nazi, kwa hiyo kila mnazi unaotoa tembo umenyimwa soko la nazi na mbata. Ndiyo maana wengine hugemesha baadhi ya miti na mingine wakaiacha izae.

Utomvu unapotoka mtini ni mtamu, una sukari ya kiasi cha asilimia 12 hadi 15. Hilo ndilo tembo tamu, ambalo hata nyumba za Waislamu za mwambao zililitumia kuumua unga wa mikate, na likichemshwa mpaka likaze huwa asali ya tembo. Lakini hamira ya asili iliyomo hewani na ndani ya kibuyu chenyewe haingoji. Saa chache tu, povu limeanza kupanda. Kesho yake ni tembo kali, lenye kileo cha asilimia nne hadi sita, karibu sawa na bia. Ukiliacha zaidi linachachuka mpaka likawa siki.

Hapo ndipo mnazi, kama tembo hili linavyoitwa pia, unapoachana na divai ya Ufaransa. Divai nzuri ya Bourgogne hulazwa miaka mingi kwenye stoo za chini ya ardhi na huko ndiko inakokomaa. Mnazi maisha yake ni siku moja, labda mbili. Basi anayeuonja huuliza mambo ambayo mnywaji wa divai hayaulizi: umeteremshwa asubuhi au jana jioni? Kibuyu kilisuuzwa? Na huuliza pia yale ambayo Mfaransa angeyauliza: unatoka wapi, na aliyeugema ni nani?

Swali la unatoka wapi lina uzito. Karibu na bahari, mvua ya mwaka huzidi milimita 1,000, na kadiri unavyokwenda bara kuelekea Ganze inapungua mpaka mnazi unashindwa na nchi inakuwa ya mifugo. Katikati kuna vilima vya Kaloleni, Rabai, Ribe, Kambe, Jibana na Chonyi, ambavyo hukinga mvua ya kusi na kuwa shina la biashara ya tembo. Huko ndiko mitungi ya plastiki hupakiwa kwenye magari alfajiri kuelekea Mombasa, ikishindana na saa. Msimu nao una neno lake. Masika utomvu ni mwingi, lakini mvua ikiingia kibuyuni tembo linakuwa jepesi. Wakati wa kiangazi kikali cha kaskazi, matone hupungua.

Mwanaanthropolojia Mwingereza David Parkin alifanya utafiti Kaloleni miaka ya 1960, na mwaka 1972 akachapisha kitabu, Palms, Wine and Witnesses. Alichokikuta hakikuwa ulevi bali uchumi mzima. Vijana wachapakazi walikuwa wakinunua minazi na ardhi kutoka kwa jirani zao, na kwa kuwa mauzo hayakuwa na hati, ushahidi wa mauziano ulikuwa vichwani mwa wazee. Wazee wale waliheshimiwa kwa tembo, kwenye matanga, kwenye harusi, kwenye barza za kuamua kesi. Anayekataa kunywa na wenzake alijitenga na mashahidi wake mwenyewe. Parkin aliwaona pia Wagiriama wa huko waliosilimu baada ya kuugua, kwa kuwa pepo aliyewashika aliwataka waache tembo na wale chakula halali. Wengine wao walikuwa wafanyabiashara chipukizi, na kwa njia hiyo waliepuka gharama ya kunyweshana bila ya kuonekana wamewadharau wakubwa.

Mpaka leo mahari ya Kigiriama, mahunda, hayazungumzwi pakavu. Tembo humiminwa chini kwa ajili ya koma, mizimu ya waliotangulia. Kwenye mangwe, vilabu vya mnazi ambavyo mara nyingi wauzaji wake ni akina mama, watu huketi kwenye mabenchi, kila mmoja na mboko wake wa kunywea na mrija wenye kichujio mwishoni cha kuzuia takataka. Ulevi upo, na nyumba zilizoumizwa nao zipo; sipendi kuuficha ukweli huo. Divai nayo imewaumiza Wafaransa wengi. Lakini Ufaransa haikukabili tatizo hilo kwa kung'oa mizabibu.

Historia ya divai ya Ufaransa inafaa tuijue. Kuanzia miaka ya 1860 mdudu aitwaye filoksera aliteketeza mashamba ya mizabibu ya nchi ile, na pengo likajazwa na divai bandia ya zabibu kavu, maji na sukari. Wakulima waliobaki wakafa njaa na mazao yao mkononi. Mwaka 1907 wakulima wa kusini, wakiongozwa na Marcelin Albert, waliandamana kwa malaki. Pale Narbonne wanajeshi walifyatua risasi na watu wakauawa. Mwaka 1911 ikawa zamu ya Champagne, ambako wakulima walivamia maghala ya wafanyabiashara walioleta zabibu za nje na kuuza divai yake kwa jina la jimbo lao. Serikali ikaona kwamba mhalifu ni mghushi, siyo mlima shamba. Sheria dhidi ya divai ya kughushi ilipitishwa mwaka ule ule wa 1907, na mwaka 1935 ukaanzishwa mfumo wa kitaifa wa kulinda jina la divai pamoja na ardhi inakotoka.

Kwetu mkondo ulikuwa kinyume. Wakoloni walileta leseni na makatazo. Sheria ya kudhibiti vileo ya mwaka 2010, ambayo Wakenya waliipa jina la mbunge aliyeipeleka, John Mututho, ilitengenezwa kwa kufikiria zaidi chupa, kiwanda na baa. Kinywaji kinachozaliwa alfajiri na kufa kesho yake hakina nafasi nzuri humo. Kila msako wa pombe haramu unapotangazwa Nairobi, mangwe za Kilifi hutikisika, mitungi ikamwagwa, na mgema akahesabiwa pamoja na anayechanganya kemikali za viwandani gizani. Hilo ni kosa, na limewagharimu watu masikini mno.

Ng'ambo ya bahari, jimbo la Kerala nchini India lilipitisha mwaka 1969 sheria ya mfuko wa ustawi wa wagema na wauzaji wa tembo. Mgema wa huko akianguka mtini, ana mahali pa kubisha. Wa kwetu akianguka, jamaa hupitisha mchango.

Bunge la kaunti ya Kilifi linaweza kuanza na mambo machache: daftari la wagema, bima ya ajali, kipimo cha usafi wa vibuyu na mitungi, na jina la mahali kwenye kila mtungi unaouzwa, Kaloleni iwe Kaloleni na Chonyi iwe Chonyi, anayetia sukari na maji ashtakiwe kwa kughushi. Na miche igawiwe sambamba na hayo, kwani minazi mingi ya vilimani imezeeka, na mnazi mrefu unaopandwa masika haya hautamwona mgema kabla ya miaka sita hadi minane.