Chumvi ikipita, maji hufuata: milango ya sodiamu kwenye njia za hewa

Kata vitunguu vya kachumbari, nyunyizia chumvi, subiri kidogo. Utakuta maji chini ya bakuli, na hujaongeza hata tone. Chumvi imeyavuta kutoka kwenye vitunguu. Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kifuani mwako muda huu unaposoma.

Njia zako za hewa zimefunikwa na majimaji membamba sana, kina chake kama maikromita 7, karibu sehemu moja ya kumi ya unene wa unywele. Humo ndani vijinywele viitwavyo silia vinapiga kasia bila kupumzika. Juu yake kuna ute unaonasa vumbi na bakteria, na silia zinausukuma kuelekea kooni, nawe unaumeza bila kujua. Majimaji yakipungua, ute unalalia silia na usafi unasimama. Yakizidi, hewa inakosa nafasi.

Sasa nani anapima kiasi? Ni seli zenyewe. Upande unaotazama hewa zina protini iitwayo ENaC, mlango mwembamba unaopitisha ayoni za sodiamu. Upande wa pili, unaotazama damu, kuna pampu: kila mzunguko inatoa sodiamu 3 na kuingiza potasiamu 2, kwa kutumia nishati ya seli. Kwa kuwa pampu inaacha sodiamu kidogo ndani, sodiamu ya nje inajiingiza yenyewe kupitia ENaC. Ikivuka, maji nayo yanafuata, na uso wa njia ya hewa unapungua maji.

Je, mlango huu ukikosekana? Mtoto akiwa tumboni, mapafu yake yamejaa majimaji, na akizaliwa lazima yaondoke haraka. Mwaka 1996 watafiti walichapisha habari za panya waliozaliwa bila sehemu moja ya ENaC, iitwayo alfa. Walishindwa kuyaondoa, wakafa ndani ya saa 40 hivi. Watoto njiti nao wana milango michache, na hiyo ni sababu mojawapo ya kupumua kwa shida. Sindano za steroidi anazopewa mama mwenye dalili za kujifungua mapema hukomaza mapafu ya mtoto, na steroidi huongeza pia milango hii.

Na ukizidi kazi? Mwaka 2004 watafiti wa North Carolina, Marekani, walionyesha kuwa panya walioongezewa sehemu ya beta kwenye njia za hewa walinyonya sodiamu kupita kiasi. Ute ukakauka, ukaziba njia, na wengi wakafa. Hali yao ilifanana na sistiki faibrosisi ya binadamu, ugonjwa wa kurithi ambao mlango mwingine, wa kloridi, una hitilafu. Kloridi haitoki vizuri, sodiamu inaendelea kuingia, na ute unakuwa mzito kama gundi.

Ndiyo maana wagonjwa hao huvutishwa mvuke wa maji ya chumvi ya asilimia 7, wakati chumvi ya kawaida mwilini ni kama asilimia 0.9. Chumvi ikitua upande wa hewa, maji yanarudi upande huo na ute unalegea. Ila usijaribu na chumvi ya jikoni! Hospitalini hutumia maji yasiyo na vijidudu, na mgonjwa huangaliwa kwa karibu, kwa sababu chumvi hiyo inaweza kubana kifua.