Kwa nini simu inasema Nganga na kitambulisho kinasema Ng'ang'a?

Umefika kwa wakala, unataka kutoa pesa. Kitambulisho kinasema Ng'ang'a, simu inasema Nganga. Wakala anakuangalia mara mbili, na foleni iko nyuma yako. Mara nyingi si ati aliyekusajili hajui kuandika. Chanzo ni hiyo alama ndogo, ritifaa.

Ndani ya hifadhidata, ritifaa ina kazi nyingine: inafungua na kufunga maneno. Fundi akiandika 'Ng'ang'a', kompyuta inadhani jina limeishia kwa Ng, halafu inakwama. Dawa ni kuandika kila ritifaa ya jina mara mbili:

'Ng''ang''a'

Kuna mafundi ambao, kuepuka usumbufu huu, hufuta alama kabisa. Hapo ndipo unageuka Nganga.

Kazi ilikuwa ngumu zaidi kwenye funksheni, yaani maagizo yanayohifadhiwa ndani ya hifadhidata yenyewe, kwa mfano ya kulinganisha majina. Kwa PostgreSQL, hifadhidata inayotumika sana duniani, maagizo hayo yote yalifungwa kwa ritifaa pia. Kwa hivyo kila ritifaa ya ndani iliongezwa tena mara mbili:

''Ng''''ang''''a''

Hesabu: ritifaa 12 kwa jina lenye 2! Ukisahau moja tu, funksheni inakataa.

Toleo la 8.0, lililotoka 2005, lilileta nafuu. Fundi anaweka $$ mwanzo wa maagizo na $$ mwisho. Katikati anaandika kawaida, 'Ng''ang''a', na psql, programu anayochapia amri, inaelewa. Kama maagizo yenyewe yana $$ ndani, anatia neno katikati ya dola, tuseme $jina$, na kufunga kwa hilo hilo.

Lakini dola hizo ni za kumsaidia fundi anapoandika. Jina unalochapa wewe kwa simu halifai kubandikwa ndani ya amri. Linapitishwa kando, la sivyo mwizi anaweza kuchapa amri mahali pa jina.

Kwa upande wako, ukisajili laini mwambie wakala aandike jina lilivyo kwenye kitambulisho, ritifaa ikiwemo, na usome kabla hajatuma. Kama tayari limekosewa, nenda na kitambulisho halisi kwenye kituo cha huduma. Kurekebisha jina hakuhitaji PIN yako, kwa hivyo anayekupigia akiiomba, kata simu.