Kutupa Dadu Mara ya Pili: Somo la Uwezekano kutoka Same

Katika nchi tambarare ya Same, chini ya Milima ya Pare, mkulima wa mahindi hukabiliwa na swali gumu kila mvua zinapomhadaa. Amekwisha kupanda. Mvua za kwanza zimeotesha mbegu, kisha mbingu zimefunga na miche imekauka. Mbegu iliyobaki ghalani yatosha kupanda mara mbili tu. Je, aipande yote katika msimu huu huu, au aweke sehemu yake hadi msimu ujao?

Swali hili ni la chakula cha watoto, wala si la mchezo. Hata hivyo, kwa umbo lake la kihesabu, linafanana na lile la mchezaji ambaye dadu yake imemwendea vibaya, naye ameruhusiwa kuitupa tena. Kwa hiyo tutaanza mezani penye dadu, mahali ambapo hesabu ni nyepesi na kukosea hakumletei mtu njaa. Kisha tutarudi Same.

Kanuni za kutupa tena

Wanafunzi wengi wanaifahamu dadu kutokana na mchezo wa ludo. Anayepata sita hupewa nafasi ya kutupa tena, na hatua za mtupo wa pili huongezwa juu ya zile za kwanza. Huko si kutupa upya kwa maana tunayoikusudia hapa, kwa sababu mtupo wa kwanza haufutwi.

Kutupa upya kwa maana kamili kumeenea katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika. Mchezo wa kwanza wa namna hiyo kuuzwa madukani ni Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kutolewa Marekani mwaka 1974. Wachezaji huketi pamoja na kusimulia safari ya mashujaa wao. Shujaa anapojaribu jambo gumu, tuseme kuruka korongo, dadu yenye pande 20 ndiyo huamua kama amefaulu.

Kanuni za mchezo huo zimetumia njia mbili za kumpa mchezaji nafasi nyingine. Katika toleo la mwaka 2014 iliwekwa kanuni ya nafuu: mchezaji hutupa dadu mbili na kuchukua iliyo kubwa. Katika kanuni za mwaka 2024, kanuni hiyo ikiwa bado ipo, mchezaji aliyetunukiwa fursa maalumu aweza pia kuitumia kutupa upya dadu aliyokwisha kuitupa, lakini hana budi kuupokea mtupo mpya, hata ukiwa mbaya kuliko wa kwanza.

Msomaji aweza kudhani kwamba njia hizo ni sawa. Hebu tuzipime kwa dadu ya kawaida yenye pande sita.

Anayetupa mara moja tu hupata wastani wa 3.5, kwani jumla ya 1, 2, 3, 4, 5 na 6 ni 21, na 21 ikigawanywa kwa 6 ni 3.5.

Sasa tumruhusu atupe upya akitaka, kwa sharti la kuupokea mtupo wa pili. Mchezaji mwenye busara atafanyaje? Mtupo mpya humpa wastani wa 3.5. Kwa hiyo akipata 4, 5 au 6 atasimama hapo hapo, na akipata 1, 2 au 3 atatupa upya. Katika nusu ya safari atabaki na 4, 5 au 6, ambazo wastani wake ni 5. Katika nusu nyingine atapata mtupo mpya wenye wastani wa 3.5. Wastani wa jumla ni nusu ya 5 na nusu ya 3.5, yaani 4.25.

Tumruhusu sasa atupe dadu mbili kwa pamoja na kuchagua iliyo kubwa. Zipo jozi 36 zinazoweza kutokea. Kubwa yake huwa 1 katika jozi moja tu, 2 katika jozi 3, 3 katika jozi 5, 4 katika jozi 7, 5 katika jozi 9, na 6 katika jozi 11. Tukizidisha na kujumlisha tunapata 161, na 161 ikigawanywa kwa 36 ni 4.47 hivi.

Basi tuna ngazi tatu: 3.5, 4.25 na 4.47. Nafasi ya pili ina thamani, lakini thamani hiyo hutegemea masharti yake. Yule anayeona matokeo yote mawili ndipo achague hupata zaidi ya yule anayelazimika kuacha la kwanza kabla hajaliona la pili. Na yule atupaye upya bila kufikiri, hata akiwa na sita mkononi, hapati faida yoyote: wastani wake hurudi 3.5.

Kuhesabu kwa kupitia kushindwa

Swali la mitupo iliyorudiwa ni la zamani. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu maswali ya michezo ya bahati, na barua hizo huhesabiwa kuwa miongoni mwa misingi ya nadharia ya uwezekano. Moja ya maswali ya zama hizo lilihusu mtu atupaye dadu mara nne: uwezekano wa kupata sita angalau mara moja ni kiasi gani?

Mwanafunzi asiye na uzoefu hujumlisha 1/6 mara nne, akapata 4/6. Jibu hilo si sahihi, na dalili yake ni kwamba kwa mitupo saba angepata 7/6, yaani zaidi ya hakika yenyewe! Njia iliyo sahihi ni kuhesabu kushindwa. Uwezekano wa kukosa sita katika mtupo mmoja ni 5/6. Kukosa mara nne mfululizo ni 5/6 × 5/6 × 5/6 × 5/6, yaani 625/1296. Kinachobaki, 671/1296, ndicho uwezekano wa kupata sita angalau mara moja. Ni karibu asilimia 52.

Kuzidisha huko kunaruhusiwa kwa sababu moja: mitupo ya dadu ni matukio huru. Dadu haina kumbukumbu. Aliyekosa sita mara kumi hana haki zaidi ya kuipata mara ya kumi na moja; uwezekano ungali 1/6. Imani kwamba bahati "imekwisha kuiva" kwa sababu mtu ameshindwa mara nyingi imewafilisi wacheza kamari wengi.

Dadu mbili za mwaka mmoja

Sasa turudi Same. Mji huo uko zaidi ya mita 800 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Shengena, katika safu ya Pare Kusini, kinapita mita 2,400. Milima huzipokea pepo zenye unyevu zitokazo Bahari ya Hindi, na nchi tambarare iliyo nyuma yake upande wa magharibi hubaki na mvua chache, milimita 500 hadi 600 hivi kwa mwaka mjini Same. Tena mvua hizo hugawanyika katika misimu miwili: vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba, na masika, kuanzia Machi hadi Mei.

Hivyo asili imempa mkulima mitupo miwili kwa mwaka. Je, ni matukio huru? Kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Mvua za vuli hufungamana sana na joto la maji ya Bahari ya Pasifiki na ya Bahari ya Hindi. Vuli ya mwaka 1997, wakati wa El Niño kali, ilileta mafuriko katika Afrika Mashariki. Mvua za masika hufungamana na hali hizo kwa udhaifu zaidi. Kwa hiyo vuli ikiharibika, haifuati kwamba masika nayo itaharibika, wala haifuati kwamba itakuwa njema ili kulipa deni.

Hapa lakini pana tofauti moja kubwa kati ya bahari na dadu. Bahari ina kumbukumbu: maji yake yakipata joto hukaa nalo kwa miezi. Ndiyo sababu Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania huweza kutoa utabiri kabla ya msimu kuanza. Utabiri haumwambii mkulima dadu itaangukia upande gani. Humwambia kwamba safari hii baadhi ya pande zimekuwa nzito kuliko nyingine.

Apande tena au aweke?

Tuchukue sasa mfano wa darasani. Tarakimu hizi si vipimo vya shamba. Tumezichagua ili hesabu iwe nyepesi. Tuseme anayepanda mwanzoni mwa msimu ana uwezekano wa 3/6 wa kuvuna. Akipanda upya majuma matatu baadaye, msimu umekwisha kupungua, na uwezekano wake ni 2/6. Akipanda mara ya tatu, mvua zikikaribia kukoma, ni 1/6. Hii ndiyo tofauti ya shamba na meza. Mezani dadu ya pili ni sawa na ya kwanza. Shambani kila mtupo mpya hupoteza upande mmoja ulio mwema.

Mkulima wetu amepoteza upandaji wa kwanza, naye ana sehemu mbili za mbegu. Akizipanda zote mbili msimu huu, moja baada ya nyingine, uwezekano wa kushindwa mara zote mbili ni 4/6 × 5/6, yaani 5/9. Uwezekano wa kuvuna ni 4/9.

Akipanda moja sasa na kuweka moja kwa ajili ya mwanzo wa msimu ujao, uwezekano wa kushindwa mara zote mbili ni 4/6 × 3/6, yaani 1/3. Uwezekano wa kuvuna angalau mara moja ni 2/3.

Mbegu ni ile ile na jasho ni lile lile, lakini 2/3 ni kubwa kuliko 4/9 kwa mara moja na nusu. Mzee anayeifunga mbegu ya mwisho na kuitundika darini juu ya moshi wa jiko, ingawa majirani wanamwona mwoga, huenda anaifanya hesabu hii bila kalamu.

Hata hivyo, hesabu haimalizi jambo. Njaa haingoji msimu ujao, na mwenye ghala tupu aweza kulazimika kutupa dadu ambayo mwenye akiba angeiacha. Kwa hiyo akiba humpa mtu uhuru wa kuchagua wakati wa kutupa, zaidi ya kumlisha. Aliye maskini hutupa dadu zile zile, lakini kwa masharti mabaya zaidi.

Kuzibadili pande za dadu

Ipo njia nyingine, nayo ni kuibadili dadu yenyewe badala ya kuongeza mitupo. Anayepanda mahindi ya Katumani, yakomaayo kwa siku 90 hivi, au choroko zinazowahi zaidi, hurudisha upande mmoja mwema uliopotea kwa kuchelewa. Familia zenye shamba mlimani na jingine tambarare hutupa dadu mbili kwa pamoja, ingawa dadu hizo si huru kabisa, kwa kuwa mawingu yanayozinyeshea yanatoka upande mmoja.

Lakini mfano ulio bora zaidi ni ndiva. Hilo ndilo jina la Kipare la bwawa dogo la asili ambalo hujazwa usiku kwa maji ya mfereji kutoka mlimani, kisha hufunguliwa mchana ili kumwagilia mashamba kwa zamu. Ndiva ya Manoo, katika kijiji cha Bangalala kwenye bonde la Makanya, ni mojawapo. Adui mkubwa wa mahindi katika bonde hilo mara nyingi si uchache wa mvua ya msimu mzima, bali ukame wa siku kumi au zaidi unaoingia katikati ya msimu, hasa mahindi yanapotoa mbelewele. Mmwagilio mmoja au miwili katika siku hizo huweza kuokoa zao zima. Kwa lugha yetu ya dadu, ndiva hugeuza upande mmoja mbaya kuwa mwema, na 3/6 huwa 4/6. Ndipo hesabu zote za hapo juu hubadilika: kushindwa misimu miwili mfululizo, ambako kulikuwa 1/4, huwa 1/9.

Jaribio kwa darasa

Mwalimu asiye na dadu aweza kutumia vipande sita vya karatasi vilivyoandikwa tarakimu 1 hadi 6 na kutiwa katika mfuko. Kila kikichomolewa kipande, kirudishwe kabla ya kuchomoa kingine. Wanafunzi wajigawe katika makundi matatu. Kundi la kwanza lichomoe mara moja tu. La pili lichomoe, na likipata 1, 2 au 3 lichomoe upya na kupokea litakalokuja. La tatu lichomoe mara mbili na kuandika tarakimu iliyo kubwa. Kila kundi lirudie zoezi mara 60, kisha lipige wastani wake na kuulinganisha na 3.5, 4.25 na 4.47.

Baada ya hapo wajaribu swali hili: kama mkulima wetu angekuwa na sehemu tatu za mbegu badala ya mbili, na ndiva ikawa imeupandisha uwezekano wa upandaji wa mwanzo wa msimu hadi 4/6, ni ngapi angepanda sasa, na ni ngapi angeweka? Majibu yatatofautiana, kwa kuwa wengine watazingatia kuvuna angalau mara moja na wengine watazingatia njaa ya kati. Mwalimu asiharakishe kuwapatanisha.